Joto, Halijoto na Kazi: Hesabu ya Mtambo wa Mvuke katika Ziwa Tanganyika

Baina ya bandari ya Kigoma na mji wa kale wa Ujiji pana mtaa uitwao Mwanga, wenye soko na nyumba nyingi. Mpishi wa mtaa huo akiteleka chungu cha maharagwe, maji huanza kutokota yafikapo yapata digrii 97 za Selsiasi, wala si digrii 100 kama yafanyavyo maji ya Tanga au Dar es Salaam. Kwa sababu uso wa Ziwa Tanganyika uko juu ya bahari kwa yapata mita 770, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Maji yakisha kutokota, mpishi aweza kuongeza kuni apendavyo. Moto utakuwa mkali, mvuke utazidi kutoka, na chungu kitakauka upesi. Lakini maji yenyewe hayatakuwa ya moto zaidi hata kwa digrii moja. Mpishi mzoefu alijua jambo hilo kabla ya kusoma kitabu chochote, ndiyo maana maharagwe yakisha kuchemka huondoa kuni mbili tatu zisiteketee bure.

Ndani ya kitendo hicho kidogo mna tofauti ambayo ndiyo mlango wa elimu iitwayo themodinamiki, yaani elimu ya joto na kazi. Kuni zilizoongezwa zimetia joto chunguni, lakini halijoto ya maji haikupanda. Katika mazungumzo ya kila siku mambo hayo mawili huitwa kwa neno moja. Husemwa "joto limepanda" kwa mtu mwenye homa, kwa hali ya hewa, na kwa tanuri la mikate. Kwa mahitaji ya nyumbani neno moja latosha. Kwa mhandisi apimaye mtambo halitoshi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini halitoshi, kwa kutumia mtambo mashuhuri kuliko yote iliyopata kufika Kigoma, yaani injini za mvuke za meli ya Liemba. Na kuonyesha kwamba kuyatenga maneno hayo si mapambo ya wanalugha, bali ni jambo ambalo uhai wa watu waweza kulitegemea.

Meli na chanzo chake

Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha meli cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki. Ilipokwisha kuungwa ilifunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hata Dar es Salaam, na kutoka hapo ikapelekwa bara kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walifuatana na mzigo wao, nao pamoja na wafanyakazi wengi wa Kiafrika na wa Kihindi waliiunga upya kwa ribiti ufukoni Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza imekwisha kufika ziwani.

Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, mafundi wale waliamriwa kuizamisha. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nyingi, kwa kutumaini kwamba siku moja zitahitajiwa tena. Ikazamishwa tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waingereza walipoiinua kutoka majini mwaka 1924, walikuta kwamba mitambo yake yafaa kutengenezwa na kutumiwa. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la upande wa kusini wa ziwa hilo, kama alivyoliandika Livingstone. Injini zake za mvuke ziliendelea kuzungusha rafadha zake mbili mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na mahali pake kutiwa injini za dizeli.

Basi kwa takriban nusu karne, chombo hicho kilikuwa kikionyesha mbele ya watu wa Kigoma swali ambalo wataalamu wa Ulaya walihangaika nalo katika karne ya 19: moto hugeukaje kuwa mwendo, na kwa nini haugeuki wote?

Mfumo na mpaka wake

Anayetaka kuupima mtambo wowote huanza kwa kuuwekea mpaka. Kilichomo ndani ya mpaka huitwa mfumo, na kilicho nje ni mazingira yake. Neno "mfumo" latokana na kitenzi "kufuma", na lafaa sana kwa kazi hii. Kwa sababu mfumaji naye hujua upindo wa nguo yake uko wapi, na hujua nyuzi ngapi zimeingia. Bila ya mpaka hapana hesabu, kwani haijulikani ni kipi cha kuhesabiwa kuwa kimeingia na kipi kimetoka.

Katika meli ya mvuke mipaka mitatu yaweza kuwekwa. Wa kwanza ni wa boila peke yake: ndani yake huingia kuni au makaa, hewa na maji, hutoka mvuke, moshi na majivu. Wa pili ni wa injini peke yake: huingia mvuke wenye shinikizo kubwa, hutoka mvuke uliochoka, na pia kazi ya kuuzungusha mhimili wa rafadha. Wa tatu ni wa meli nzima: huingia kuni na hewa, pamoja na maji ya ziwa ya kupozea, hutoka moshi, maji hayo yakiwa na uvuguvugu, na msukumo unaoipeleka meli mbele. Mpaka ukibadilika, hesabu hubadilika. Na ubishi mwingi baina ya mafundi juu ya "mtambo huu ni mzuri au mbaya" hutokea kwa sababu kila mmoja ameweka mpaka wake mahali pengine bila ya kumwambia mwenzake.

Kanuni ya kwanza ya elimu hii ni rahisi kuitaja. Nishati haiumbwi na mtambo wala haipotei. Iliyoingia ndani ya mpaka ni sawa na iliyotoka pamoja na iliyobaki. James Joule alithibitisha katika miaka ya 1840 kwamba kazi na joto ni sarafu mbili za hazina moja, na kwamba moja hubadilishwa kwa nyingine kwa kiwango kisichobadilika. Ndiyo maana vyote viwili hupimwa leo kwa kipimo kimoja chenye jina lake, yaani juli.

Kwa kipimo hicho chungu cha Mwanga chaweza kuhesabiwa. Kilogramu moja ya maji ya ziwa yenye digrii 26 huhitaji yapata kilojuli 297 ili ifike digrii 97. Lakini kilogramu hiyo hiyo, ili igeuke yote kuwa mvuke bila ya kupanda digrii hata moja, huhitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani zaidi ya mara saba. Joto hili la pili halionekani katika kipimajoto. Limejificha ndani ya mvuke. Watu wa Uvinza, mashariki ya Kigoma, waliochemsha maji ya chemchemi za chumvi katika vyungu tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, walilipa gharama ya joto hilo kwa kila kibaba cha chumvi walichokipata. Gharama hiyo ni kuni za misitu yao. Na mtambo wa mvuke wote umejengwa juu ya siri hiyo hiyo: mvuke ni mchukuzi wa mzigo mkubwa wa joto asiyeonyesha mzigo wake usoni.

Hali ya kuni nayo huingia katika hesabu. Kilogramu moja ya kuni zilizokaushwa vizuri kwa hewa hutoa yapata kilojuli 14,000. Lakini kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito wake ni maji, hutoa yapata 8,000 tu, kwa sababu kwanza hazina mti wa kutosha katika uzito huo, na pili moto hulazimika kuyageuza maji yale kuwa mvuke unaokwenda zake dohanini. Mchochea moto aliyeletewa kuni mbichi hakuwa mvivu pale shinikizo liliposhuka; alikuwa akichemsha maji mahali pawili.

Njia tatu za joto

Joto husafiri kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo, wala halirudi lenyewe. Njia zake ni tatu, nazo zote tatu zilikuwamo katika boila la meli.

Njia ya kwanza ni mpitisho. Joto hupita ndani ya kitu kigumu kutoka chembe hadi chembe, kama watu waliosimama safu wakipokezana matofali. Matofali husogea, watu hawaondoki. Ndivyo joto lipitavyo katika bamba la chuma la boila. Joseph Fourier aliieleza kanuni ya njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1822: joto lipitalo huongezeka kwa ukubwa wa eneo na kwa tofauti ya halijoto baina ya pande mbili, na hupungua kwa unene wa bamba, tena hutegemea aina ya kitu chenyewe.

Njia ya pili ni msafara. Hapa kitu chenyewe kilichopata joto huondoka nalo, kama hamali aliyetoka Ujiji na pembe mabegani akaenda nayo mpaka Bagamoyo. Maji yaliyogusa bamba la moto huwa mepesi, hupanda, na maji mazito ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hewa ya moto inayopita katika mabomba ya boila nayo husafiri vivyo hivyo.

Njia ya tatu ni mnururisho, ambao hauhitaji kitu cha kupitia. Kwa njia hii jua hukausha dagaa walioanikwa mchangani kando ya ziwa, na kwa njia hii makaa mekundu ya tanuru huyapasha mabamba yaliyo juu yake bila ya kuyagusa. Mnururisho huongezeka kwa kasi ya ajabu halijoto ikipanda, kwa hiyo katika tanuru kali ndio ulio mkubwa kuliko njia nyingine.

Katika boila njia hizi hufuatana kama vituo vya safari moja: mnururisho na msafara wa hewa hulileta joto kwenye bamba, mpitisho hulivusha, msafara wa maji hulipokea na kuondoka nalo. Kituo kimoja kikizuilika, safari nzima huchelewa, na joto hurundikana nyuma ya kizuizi. Hapo ndipo hatari huzaliwa.

Ukoko wa boila

Maji ya Ziwa Tanganyika hunyweka, lakini hayakosi madini yaliyoyeyuka ndani yake. Yakichemshwa, mvuke huondoka mtupu, na madini hubaki. Baada ya muda hujijenga juu ya bamba kwa upande wa maji, yakawa tabaka gumu mfano wa ukoko wa wali chini ya sufuria. Ukoko huo ni mpitishaji duni wa joto; chuma hupitisha joto vizuri kuliko ukoko kwa mara 20, 30 na hata zaidi.

Hesabu ya mfano yatosha kuonyesha maana yake. Ichukuliwe kwamba maji ndani ya boila, kwa sababu ya shinikizo kubwa, yana digrii 190, na kwamba kila mita mraba ya bamba hupitisha joto la wati 60,000. Bamba likiwa na unene wa milimita 12 na likiwa safi, tofauti ya halijoto baina ya pande zake mbili ni digrii 15 tu. Ukiongezwa mruko mdogo baina ya bamba na maji, upande wa moto wa bamba huwa na digrii 215 hivi. Sasa utiwe ukoko wa milimita 3. Ili joto lile lile lipite, hutakiwa tofauti nyingine ya digrii 180 katika ukoko peke yake, na bamba hufika karibu na digrii 395. Kwa halijoto kama hiyo chuma cha boila huanza kulegea. Bamba hufura kwa ndani, na likipasuka, maji yote ya boila, ambayo hapo yako mbali sana juu ya kiwango chake cha kutokota katika hewa ya kawaida, hugeuka sehemu yake kuwa mvuke kwa mara moja. Huo ndio mripuko wa boila, ambao uliua watu wengi katika meli na viwanda vya Ulaya na Marekani katika karne ya 19.

Yafaa kutazama kwa makini ni kipi kilichobadilika na kipi hakikubadilika katika mfano huo. Joto lipitalo halikubadilika. Halijoto ya mvuke haikubadilika. Geji ya shinikizo haikusogea. Kilichobadilika ni halijoto ya bamba, mahali ambapo hapana jicho wala kipimo. Fundi akiulizwa, "Joto limeongezeka?" na akajibu, "Halikuongezeka," amesema kweli kwa maana mbili za neno hilo, na kwa maana ya tatu amekosea kosa la kufisha. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Lilipasa kuuliza: halijoto ya nini, na mahali gani?

Ziwa kama upande wa baridi

Mtazamaji wa meli ya mvuke huona moto, husikia mvuke, huona rafadha ikirusha maji. Akaamini kwamba nguvu yote hutoka tanuruni. Kijana Mfaransa Sadi Carnot alionyesha katika kitabu alichokitoa mwaka 1824 kwamba imani hiyo ni nusu tu ya ukweli. Joto halitoi kazi kwa sababu lipo. Hutoa kazi kwa sababu linashuka kutoka halijoto kubwa kwenda ndogo, kama maji yazungushavyo gurudumu kwa kuporomoka. Pasipo na mahali pa kushukia, hapana kazi. Carnot mwenyewe alidhani joto ni kitu kisichopungua njiani, na hapo alikosea. Lakini kiini cha hoja yake kimesimama mpaka leo.

Kutokana na hoja hiyo hupatikana kikomo ambacho hapana fundi awezaye kukivuka. Halijoto zikihesabiwa kwa kipimo cha Kelvin, ambacho huanza digrii 273 chini ya kuganda kwa maji, sehemu kubwa kuliko zote ya joto iwezayo kugeuzwa kazi hupatikana kwa kugawanya halijoto ya baridi kwa ile ya moto, kisha kutoa jawabu katika moja.

Kigoma palikuwa mahali pazuri pa kuona kanuni hiyo kwa macho, kwa sababu hatua chache baina yao zilisimama aina mbili za mtambo wa mvuke. Kituoni lilisimama garimoshi, ambalo lilitupa mvuke wake uliochoka hewani kupitia dohani. Mvuke huo hauwezi kutoka ukiwa na halijoto iliyo chini ya digrii 97, kwani hewa ya Kigoma huuzuia. Gatini ilisimama meli, ambayo mvuke wake uliochoka uliingizwa katika kondensa, yaani chombo chenye mabomba membamba yapitayo maji ya ziwa. Mvuke ulipoyagusa mabomba hayo uligeuka kuwa maji, ukaacha ombwe nyuma yake, na pistoni ikavutwa na ombwe hilo huku ikisukumwa na mvuke. Wazo la kutenga chombo cha kupozea mbali na silinda lilikuwa la James Watt, aliyelifikiria mwaka 1765.

Hesabu ya vyombo hivyo viwili ni hii. Mvuke ukiingia na digrii 190, yaani kelvini 463, na kutoka na digrii 97, yaani kelvini 370, kikomo cha ufanisi ni sehemu 20 katika mia. Mvuke huo huo ukitoka katika kondensa na digrii 45, yaani kelvini 318, kikomo hupanda hata sehemu 31. Moto ni ule ule, kuni ni zile zile, boila ni lile lile. Ongezeko lote, ambalo ni zaidi ya nusu ya kile cha kwanza, limeletwa na maji ya ziwa. Kwa hiyo katika hesabu ya mhandisi ziwa halikuwa njia ya kupitia meli tu. Lilikuwa kiungo cha injini yake, sawasawa na tanuru.

Garimoshi lisidhaniwe kuwa lilijengwa kwa ujinga. Mvuke wake uliotupwa ulivuta hewa tanuruni na kuukoleza moto. Tena halikuwa na ziwa la kubeba mgongoni. Kadhalika kondensa ilikuwa na faida nyingine melini: maji yaliyopatikana kutoka katika mvuke yalirudishwa bomani mwake, yaani ndani ya boila, yakiwa safi na yenye uvuguvugu, na hivyo ukoko ulipungua na kuni ziliokolewa.

Ama kikomo ni kikomo, si ahadi. Injini nzuri za meli za zama zile hazikukifikia. Sababu moja kubwa ilikuwa kuta za silinda. Mvuke uliingia katika silinda iliyopozwa na mvuke uliotangulia kutoka, na sehemu yake ikageuka maji kabla ya kufanya kazi yoyote. Kwa ajili hiyo wajenzi wa meli walizoea kuupanua mvuke kwa hatua tatu katika silinda tatu, ndogo, ya kati na kubwa, ili kila silinda ikutane na tofauti ndogo ya halijoto. Huu ni mfano mzuri wa jinsi elimu ya kusafiri kwa joto na elimu ya kazi zisivyoweza kutengana: kuta zilizokusudiwa kuushika mvuke zilikuwa pia zikiuibia.

Basi mizani ya mtambo wa aina hiyo, kwa makadirio, yaweza kuandikwa hivi. Kuni zikitoa sehemu 100 za joto, sehemu 30 hivi huondoka kwa moshi, kwa mkaa usioungua na kwa kuta za boila. Sehemu 70 huingia katika mvuke. Katika hizo, 11 hivi huwa kazi, na 59 huingia ziwani kupitia kondensa. Mtu asiyejua kanuni atasema sehemu 59 zimepotea kwa uzembe. Hazikupotea kwa uzembe. Nyingi kati yake ni kodi ambayo maumbile hutoza kwa kila kazi itokanayo na joto. Kazi ya mpimaji ni kutenga kodi isiyoepukika na hasara iwezayo kuzuiliwa. Ukoko, masizi, kuni mbichi na bomba lisilovikwa ni hasara. Joto la lazima la kondensa ni kodi. Anayevichanganya ama atamlaumu fundi mwema, ama atamsamehe mzembe.

Injini za dizeli zilizotiwa baadaye zilibadilisha hesabu bila ya kuitangua kanuni. Katika injini hizo mafuta huungua ndani ya silinda yenyewe, na gesi zake hupata halijoto kubwa mno kuliko mvuke wa boila. Kwa hiyo mteremko wa joto ni mrefu zaidi, na sehemu 35 hadi 40 katika mia zaweza kuwa kazi. Hata hivyo zaidi ya nusu huendelea kutoka, baadhi kwa moshi hewani, baadhi kwa maji ya kupozea. Upande wa baridi haukufutwa, umehamishwa tu.

Maneno na wajibu wake

Wataalamu wa Ulaya nao walitaabika kwa maneno. Rudolf Clausius, alipotaka kutaja kile kiongezekacho kila joto lishukapo bila ya kutoa kazi, aliunda neno mwaka 1865 kwa kuchukua neno la Kiyunani lenye maana ya mgeuko, akalipa umbo lifananalo na neno la nishati. Neno hilo, entropia, limeenea duniani kote. Hivyo kuunda istilahi si dalili ya upungufu wa lugha. Ni sehemu ya elimu yenyewe, kwani jambo lisilo na jina lake hukaa chini ya jina la jirani na kuazima makosa yake.

Kiswahili kimekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. "Halijoto" ni neno lililoungwa vizuri: ni hali, wala si kiasi. Halijoto ya vikombe viwili vya chai haijumlishwi ikawa mara mbili. Joto la vikombe viwili hujumlishwa. Kipimo hiki chepesi chatosha kumsaidia mwandishi yeyote kuchagua neno: kinachojumlishwa ni joto, kisichojumlishwa ni halijoto. Kwa maana kamili zaidi, joto ni nishati iliyo njiani ikivuka mpaka. Ikisha kuingia ndani ya mfumo ni nishati ya mfumo huo.

Neno lililobaki na mzigo mzito ni "nguvu". Husemwa nguvu ya mvuke kwa maana ya shinikizo, nguvu ya pistoni kwa maana ya msukumo, nguvu ya kuni kwa maana ya nishati, na nguvu za farasi kwa maana ya wepesi wa kutenda kazi. Mambo hayo manne yana vipimo vinne mbalimbali, na hayabadilishani. Yafaa shinikizo libaki shinikizo. Msukumo uitwe kani. Akiba iliyomo katika kuni au mafuta iitwe nishati. Na nguvu iachiwe maana ya kazi itendwayo kwa sekunde, ambayo ndiyo maana ya nguvu za farasi, kila moja ikiwa wati 746. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa katika njia hii. Lakini istilahi haiwi hai kwa kuchapwa kamusini. Huwa hai ikitumiwa na fundi katika daftari lake la zamu.

Mfano mmoja wa daftari la namna hiyo watosha kuhitimisha. Fundi aandikapo, "Boila lina joto sana," msomaji wake hajui kama shinikizo limepita kiasi, au bamba linaungua, au kuni zinaliwa kupita kawaida. Na kila moja ya hayo lina dawa yake, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya jingine. Akiandika, "Halijoto ya moshi dohanini imepanda, shinikizo la mvuke halikubadilika, na kuni zilizotumika zimezidi," mhandisi aliye mbali aweza kutambua kwamba joto halivuki tena bamba kama ilivyokuwa, akaamuru moto uzimwe na boila lifunguliwe likwanguliwe. Sentensi hiyo ya pili haina neno hata moja la kigeni ambalo mtu wa Mwanga asingelielewa. Ina tofauti tu ya neno na neno, na ya mahali na mahali. Nayo ndiyo tofauti ile ile aijuayo mpishi aondoaye kuni chini ya chungu kilichokwisha kuchemka.